Jerikeni 1,200 za Koboko: uchambuzi wa mradi wa maji uliovuka mipaka yake

Mradi wa maji ya bomba yanayosukumwa kwa sola, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ulikabidhiwa ukiwa na mabomba marefu kuliko yaliyochorwa, bilula nyingi kuliko zilizohesabiwa, na watumiaji ambao mkataba haukuwataja kabisa. Siku ya makabidhiano palikuwa na ngoma, dua na hotuba. Kiangazi cha kwanza kilipoingia, kitongoji cha juu, ambacho ndicho kilichoomba maji tangu mwanzo na ndicho kilichotangulia kuchanga fedha, kilikuwa kikikaukiwa kila siku ifikapo saa nne asubuhi.

Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya kufundishia kamati za maji. Kijiji hakina jina, wahusika hawana majina, na hesabu nimezipanga mwenyewe. Lakini vipimo ninavyovitumia ni vile ambavyo wahandisi wa maji huvitumia kweli, na kila ombi lililomo humu litatambuliwa na yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa maji huko West Nile, eneo la Uganda ambamo Koboko imo.

Kilichopimwa

Ardhi ya sehemu hiyo imekaa juu ya mwamba mkongwe na mgumu. Maji hayako kila mahali. Yako kwenye nyufa za mwamba, na kisima kirefu kimoja kikibahatika kukutana na ufa mzuri, kingine kilicho mita mia mbili kutoka hapo kinaweza kutoka kikavu. Kwa hiyo baada ya kuchimba, kisima hupimwa: pampu huachwa ivute mfululizo kwa saa nyingi huku mafundi wakisoma kina cha maji kinavyoshuka, kisha huzimwa ili waone kinavyopanda tena. Kisima cha kisa chetu kilionyesha kwamba kinaweza kutoa mita za ujazo 5 kwa saa. Mhandisi wa usanifu hakuichukua yote. Alipanga kuvuta 4 tu, kwa sababu kisima kinachokamuliwa mpaka mwisho hakidumu.

Pampu ya sola bila betri hufanya kazi vizuri kwa kama saa sita kwa siku. Mita 4 mara saa 6 ni mita za ujazo 24, sawa na lita 24,000. Jerikeni ya njano inayobebwa na kila mama na kila mtoto Uganda hujaa lita 20. Kwa hiyo kisima kile ni jerikeni 1,200 kwa siku.

Hapo pana jambo la bahati njema ambalo wapangaji hawakulitumia. Kiwango cha kawaida cha kupangia maji ya kijijini ni lita 20 kwa mtu kwa siku, yaani jerikeni moja kwa kila mtu. Mradi wote ungeweza kuelezwa kwa sentensi ambayo bibi asiyejua kusoma angeishika na kuisimulia: kisima hiki kina jerikeni 1,200 kila siku, na kila mtu ana yake moja.

Vitongoji viwili vilivyolengwa vilikuwa na watu 900. Mhandisi alijua kwamba watu wa Uganda huongezeka kwa takriban asilimia 3 kwa mwaka, na 900 wakiongezeka kwa kasi hiyo wanafika 1,200 baada ya miaka kumi. Zile jerikeni 300 zilizozidi siku ya kwanza zilikuwa za watoto ambao hawajazaliwa.

Mkataba haukusema hivyo. Mkataba, ulioandikwa kwa Kiingereza na kuhifadhiwa makao makuu ya wilaya, ulisema: kisima kimoja, pampu na paneli, tangi la lita 20,000, bomba la kilomita 3.4, na vituo vinne vya kuchotea. Ulikuwa umeeleza vitu vitakavyojengwa bila kueleza maji yatakuwa ya nani. Nadhani mradi huu uliharibika kwenye ukurasa huo, kabla hata ya mtu yeyote kuomba nyongeza.

Maombi yalivyokuja

La kwanza lilikuwa la mwalimu mkuu. Mtaro wa bomba ulipita mbele ya shule ya msingi yenye wanafunzi 600. Akamwambia ofisa wa maji, "Injinia, watoto wataliangalia tu bomba linapita?" Nani angejibu ndiyo? Ofisa akamwagiza mkandarasi aweke bilula mbili pale. Gharama ilikuwa asilimia 3 tu ya mkataba. Lakini mwanafunzi mmoja hupangiwa lita 5 kwa siku, na 600 mara 5 ni lita 3,000: jerikeni 150. Asilimia 3 ya fedha ilikula asilimia 12.5 ya maji.

Kisha kikaja kituo cha afya chenye wodi ndogo ya wazazi. Mgonjwa aliyelazwa huhitaji lita 40 hadi 60 kwa siku, wa kutibiwa na kurudi nyumbani lita 5. Kwa vitanda nane na wagonjwa sitini wa kutwa, ni jerikeni 40 hivi. Msikiti ukaomba bomba la udhu. Sheikh alizungumza kwa upole sana kwenye mkutano, akakumbusha kwamba waumini walichangia nguvu kazi ya kuchimba mitaro. Jerikeni 25.

Halafu nyumba sita zilizokuwa kando ya njia ya bomba ziliomba kuunganishiwa uani, kwa gharama zao wenyewe. Kamati ilifurahi, maana hizo ni fedha zinazoingia. Lakini mtu mwenye bomba uani hachoti jerikeni moja. Anafua, anaosha pikipiki, anamwagilia sukuma wiki. Watu 48 wa nyumba hizo, ambao kwenye hesabu ya mwanzo walikuwa na jerikeni 48, walianza kutumia 120. Nyongeza ya 72.

Tukiishia hapo, jumla ni 900, na 150, na 40, na 25, na 72: jerikeni 1,187. Hatua hii inahitaji kutazamwa kwa makini kuliko zote. Mradi ulikuwa bado unafanya kazi. Tangi lilijaa, bilula zote zilitoa maji, hakuna aliyelalamika. Mtu yeyote aliyetembelea kijiji wakati huo angeandika ripoti nzuri. Hata hivyo akiba ya miaka kumi ilikuwa imeliwa yote isipokuwa jerikeni 13, na hakuna hata mmoja kijijini, wilayani wala kwa mfadhili aliyejua. Kwa kuwa maji yalikuwa yanatoka, wote waliamini kwamba bado yapo ya kugawa.

Ombi lililofuata ndilo lililovunja mradi, na lilikuwa ombi la haki kuliko mengine yote. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kitongoji cha watu 350, wengi wao familia za wakimbizi kutoka Kongo. Sera ya Uganda huwapa wakimbizi kipande cha ardhi na nafasi ya kutumia huduma zile zile pamoja na wenyeji. Na misaada inayokuja kwa ajili ya wakimbizi nayo hutakiwa kuwagusa wenyeji, kwa kawaida asilimia 30. Watu hawa hukutana sokoni, kanisani na msikitini, na lugha inayowaunganisha Wakakwa, Walugbara, Wanubi na wageni kutoka Kongo mara nyingi ni Kiswahili. Mkutano ulifanyika kwa Kiswahili. Mama mmoja alisimama akasema, "Wazee wangu, sisi tunachota kwenye kijito kile kile ng'ombe wanakokunywa. Hatuombi zaidi ya wenzetu." Diwani akaunga mkono, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akaunga mkono, na ofisa wa maji akakubali bomba la kilomita 2.1 na kituo kimoja cha kuchotea. Asilimia 14 ya fedha za mkataba. Jerikeni 350.

La mwisho halikuombwa hata kwenye mkutano. Mkandarasi alikuwa amebakiwa na mifuko michache ya saruji, wafugaji wakamwomba hori la kunyweshea karibu na kituo cha chini, akalijenga bure kwa moyo mwema. Ng'ombe wa kienyeji hunywa kama lita 25 kwa siku, na walikuwa 60. Jerikeni 75.

Jumla: 1,612. Kisima ni kile kile.

Sheria ililinda mfuko

Baadhi ya wanafunzi wangu, wakifika hapa, husema ofisa wa maji alivunja sheria. Hakuvunja. Kanuni za ununuzi wa umma za Uganda zimeweka mipaka ya kubadilisha mkataba: badiliko moja lisipandishe bei kwa zaidi ya asilimia 15 ya bei ya awali, na mabadiliko yote kwa pamoja yasizidi asilimia 25. Katika kisa hiki badiliko kubwa kuliko yote lilikuwa asilimia 14, na yote kwa jumla asilimia 22. Kamati ya mikataba ya wilaya ilipitisha, na mkaguzi wa hesabu asingekuta la kuuliza.

Lakini maji yaliyoahidiwa juu ya yale ya wakazi 900 yalikuwa jerikeni 712, ambazo ni asilimia 59 ya uwezo wote wa kisima. Kanuni ile ni nzuri kwa kazi yake. Inazuia fedha za umma zisitafunwe kwa jina la nyongeza. Haikuandikwa kulinda kisima, wala haiwezi. Hori la ng'ombe lisingeonekana kwenye kanuni hiyo hata kwa darubini, maana bei yake kwa mradi ilikuwa sifuri.

Na hizo asilimia 22 zilitoka wapi, kwa kuwa bajeti ya mfadhili haikuongezeka? Kumi zilitoka kwenye fungu la dharura. Zilizobaki zilihamishwa kutoka mambo yasiyopigwa picha: mafunzo ya kamati ya maji yalipunguzwa kutoka wiki nzima hadi siku moja, uzio wa kulinda kisima ukaachwa, vipuri vya pampu vya mwaka wa kwanza havikununuliwa, na kipimo cha pili cha usafi wa maji kikaondolewa. Hili hunisikitisha kuliko lile la bomba kurefuka. Mradi unapopanuka bila fedha mpya, kuna upande unaonyofolewa, na siku zote ni ule ambao wanakijiji hawawezi kuuona siku ya makabidhiano. Wangeambiwa, "Mkitaka bomba la msikiti, mlinzi wa pampu hatafundishwa," nina hakika Sheikh mwenyewe angeomba wangoje.

Kiangazi

Kuanzia Desemba hadi Machi mvua za West Nile hukatika. Vijito hupungua, na kila aliyekuwa anachota kwingine hurudi kwenye bilula. Tangi lilikuwa mlimani, kitongoji cha juu kilikuwa karibu nalo, na watu wakadhani ukaribu huo ni usalama. Kinyume chake ndicho kilichotokea. Bilula ya juu hupata msukumo mdogo. Za bondeni zikifunguliwa zote kwa pamoja, maji hukimbilia chini, na ya juu ndiyo ya kwanza kunyamaza. Hori la ng'ombe, lililokuwa chini kabisa, halikukauka hata siku moja.

Kijana wa pampu, ambaye hakufundishwa, alijaribu kusaidia. Kamati ilikodi jenereta ili pampu ifanye kazi usiku pia. Kwa wiki kadhaa hali ilipata nafuu. Kisha maji ndani ya kisima yakashuka mpaka kwenye pampu yenyewe, kifaa cha kuzuia isizunguke bila maji kikaanza kuizima kila baada ya muda, na mradi ukawa unatoa kidogo kuliko kabla ya jenereta. Kitongoji cha juu kikaacha kulipa ada. Hajati, mweka hazina wa kamati, alipowafuata walimjibu kwa heshima, "Mama, tulipie nini?" Hakuwa na jibu. Ada ilipopungua, mafuta ya jenereta yakakosa fedha, na kijana wa pampu akaenda kutafuta kibarua mjini Arua.

Kosa liko wapi

Silioni kwa mwalimu mkuu, wala kwa Sheikh, wala kwa yule mama wa ng'ambo ya barabara. Kazi ya mwenye haja ni kuomba. Kazi ya kuhesabu ilikuwa ya ofisa wa maji na kamati, na hawakuifanya hata mara moja, kwa sababu karatasi yao haikuwa na kitu cha kuhesabia isipokuwa mita za bomba na shilingi. Ombi la bilula mbili likipimwa kwa bilula ni dogo. Likipimwa kwa jerikeni, mkutano mzima unaona kwamba 150 zinatoka kwenye 300 za watoto wajao, na mjadala unakuwa mwingine.

Pia mipaka ya kwanza yenyewe ilichorwa vibaya. Waliopima walihesabu nyumba, wakapita shule na kituo cha afya kana kwamba watu wakiwa humo hawana kiu. Ilikuwa wazi kwamba hao wangeomba siku mtaro ukifika mlangoni kwao. Wangejumuishwa mapema, hesabu ingekuwa 1,090, akiba jerikeni 110, na mhandisi angelazimika kuwaambia watu ukweli mchungu kwamba kisima hiki kinatosha kwa karibu miaka minne tu, si kumi. Hapo ama wangetafuta kisima cha pili tangu mwanzo, ama shule ingejengewa matangi ya kuvunia mvua. Mvua ya huko hufika karibu milimita 1,200 kwa mwaka, na paa la darasa la mita za mraba 200 linaweza kukusanya lita laki moja na tisini elfu hivi. Haitoshi kuivusha shule Februari na Machi, lakini inapunguza mzigo miezi mingine yote.

Kuhusu kitongoji cha ng'ambo, jibu halikuwa "hapana." Kuwanyima watu wanaokunywa pamoja na ng'ombe ni jambo ambalo sitalifundisha popote. Jibu lilikuwa "ndiyo, kwa mradi wenu." Kiwango cha Uganda ni kisima kimoja cha pampu ya mkono kwa watu 300. Watu 350 wanakikaribia sana. Zile asilimia 14 zilizozikwa kwenye kilomita 2.1 za bomba zingekuwa mwanzo mzuri wa kuchangia kisima chao wenyewe, na ofisa angeipeleka haja hiyo kwa mfadhili ikiwa ombi jipya lenye bajeti yake. Kwa kuwapa bomba la haraka, aliwapa watu 350 maji ya msimu wa mvua tu, akawanyang'anya wengine ya kiangazi.

Karatasi ambayo ningeiandika

Huwa nawaomba wanafunzi waandike upya mipaka ya mradi huu, kwa Kiswahili, kwenye ubao unaobandikwa penye kituo cha kuchotea. Huu ndio mfano ninaouridhia:

"Kisima hiki kinatoa jerikeni 1,200 kwa siku wakati wa kiangazi. Jerikeni 900 ni za wakazi waliohesabiwa wa vitongoji viwili, kila mtu moja. Jerikeni 40 ni za kituo cha afya. Jerikeni 150 ni za shule. Jerikeni 110 ni akiba ya watakaozaliwa na watakaohamia. Anayeomba maji mengine ataomba kwenye mkutano wa kijiji, si kwa fundi wala kwa injinia, na mkutano utataja ni jerikeni za nani zitakazopunguzwa. Mifugo haimo."

Watu wa ofisini hunipinga kwamba maandishi hayo hayana ramani, vipimo vya bomba wala ratiba. Hayo yawe kwenye mkataba, yanahitajika, na mkandarasi hawezi kufanya kazi bila hayo. Lakini mkandarasi hukaa miezi sita akaondoka. Mipaka ya mradi lazima ilindwe na watakaobaki, na hawawezi kulinda kitu kilichoandikwa kwa vipimo wasivyovitumia.

Marekebisho

Tuseme wilaya inakubali kurekebisha. Hori linafungwa, na wafugaji wanaelekezwa kuchimba bwawa la mvua: 75 zinarudi. Kitongoji cha ng'ambo kinapata kisima cha pampu ya mkono, na kinywa cha bomba lao kinafungwa siku ile ile pampu inapoanza kutoa maji, si kabla: 350 zinarudi. Jumla inashuka hadi 1,187. Jenereta inaondolewa ili kisima kipumzike. Kwenye bomba la kituo cha chini panawekwa koki ya kupunguza kasi ya maji, ili kitongoji cha juu kipate msukumo. Fundi wa pampu anafundishwa ipasavyo, na malipo yake yanawekwa kwanza kwenye bajeti ya kamati.

Kinachobaki kigumu ni zile nyumba sita. Walilipa wenyewe, walifuata utaratibu ulioruhusiwa, na wana risiti. Kuwakatia ni kuwadhulumu; kuwaacha walivyo ni kuila akiba ya wengine kila siku. Katika darasa langu hoja hii huchukua muda mrefu kuliko zote, na sijaona ikimalizika kwa kura moja. Msimamo wangu ni kwamba wafungiwe mita. Jerikeni moja kwa kila mtu wa nyumba hiyo iuzwe kwa bei ile ile ya kituoni, na kila inayozidi iuzwe kwa bei ya juu sana. Kuanzia Desemba hadi Machi, bomba la uani lifunguliwe asubuhi mpaka mgao wao utimie, kisha lifungwe. Fedha ya ziada iingie kwenye daftari la peke yake, mbali na ada ya kawaida, kwa ajili ya kisima cha pili. Hata wakirudi kwenye mgao wao, jumla ni 1,115, akiba ni jerikeni 85, na kwa ongezeko la asilimia 3 hiyo ni miaka mitatu tu. Kwa hiyo daftari hilo lifunguliwe mwaka huu huu.